Diodi Iliyolia Pande Zote Mbili

Sekela, mama yangu,

Umeondoka na mama yako kwenda kuagana na wanakwaya wenzako, nami nimefunga mlango wa kibanda cha ufundi ingawa jua bado liko juu. Wateja wawili wamegonga wakaondoka. Sitaki mtu aje kusimama nyuma yangu asome ninachoandika. Unanijua. Hata ile barua yako ya kujiunga na chuo niliiinua kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama muhuri ni wa kweli, nikapiga simu kwenye namba iliyoandikwa juu, kisha nikamtafuta mtu mwingine aniambie kama namba yenyewe kweli ni ya chuo. Wewe ulicheka. Mama yako hakucheka.

Mambo ya blanketi, dawa na kutoshuka ovyo njiani ameshakwambia yeye, na kesho asubuhi stendi atayarudia. Mimi nina jambo moja. Nilikudanganya, na sitaki uondoke na uongo wangu.

Unakumbuka siku ile ya mvua, ulipokuwa likizo, kidato cha sita? Wateja hawakuja, ukakaa kwenye kiti chao, ukachana boksi la redio na kuanza kunichorea somo la nusu vipitishi. Mwalimu wenu alikuwa ameliita dopingi, na kwa kuwa nilidhani unazungumzia wakimbiaji wanaokula dawa, ukanitafsiria: kuichafua silikoni kwa makusudi.

Ulisema silikoni safi haimsaidii fundi sana. Kila atomi yake ina elektroni nne za nje, na zote nne zimeshikana na majirani, kwa hiyo hakuna elektroni iliyo huru kutembea, isipokuwa chache zinazobanduliwa na joto. Ndiyo maana haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama plastiki. Halafu wanaitia fosforasi kidogo, yenye elektroni tano. Nne zinashika majirani, ya tano inabaki bila wa kushikana naye, inazunguka, na umeme unapata wa kuubeba. Au wanaitia boroni, yenye elektroni tatu, na hapo linabaki tundu. Elektroni ya jirani ikiingia kwenye tundu hilo, inaacha tundu ilikotoka, na hivyo hivyo, mpaka ukitazama utadhani tundu ndilo linalotembea.

Nikakuuliza wanatia kiasi gani. Ukasema pengine atomi moja katika milioni, na mara nyingi hata pungufu ya hapo.

Nilikwambia mwalimu wenu anawadanganya, na sikuwa natania. Miaka yote hii nimetoa diodi na transista zilizokufa na kufunga nzima, nikizipima moja moja, na sikuwahi kufikiri kwamba kazi yangu yote imesimama juu ya uchafu kidogo namna hiyo. Niliona haiwezekani. Nikatafuta pa kukubana. Nikasema, kama ni hivyo, upande wenye fosforasi una elektroni za ziada, basi una chaji, ungekuwa unapiga watu shoti. Ukatikisa kichwa bila haraka.

"Hapana, baba. Fosforasi imekuja na protoni yake ya ziada pia. Kipande kizima hakina chaji. Kilichoongezeka ni elektroni inayoweza kutembea, basi."

Sikukubali. Nilikuwa natafuta ulipojificha mtego.

Ndipo ukanichorea pande hizo mbili zikiwa zimekutana ndani ya kipande kimoja. Pale mpakani elektroni zinaingia kwenye matundu ya jirani, na panabaki ukanda usio na wa kutembea. Ukisukuma umeme kutoka upande huu, ukanda unakuwa mwembamba na umeme unapita. Ukisukuma kutoka upande ule, ukanda unapanuka na umeme unakataa. Ukasema hiyo ndiyo diodi, nikasema diodi naijua kwa mkono, sihitaji mchoro. Basi ukataka tuijaribu. Ukatia mkono kwenye kopo la maziwa ninamotupa vifaa vya zamani, ukatoa diodi moja nyeusi yenye mkanda wa fedha, ukaiweka mita yangu ipige mlio umeme ukipita, ukagusa. Ikalia. Ukageuza. Ikalia tena.

"Baba, hii imekufa. Inapitisha pande zote mbili."

Ukaizungusha kwenye vidole. Ukasema joto limeuharibu ule mpaka, labda ilibebeshwa umeme mwingi kuliko uwezo wake. Kisha ukauliza ilitoka wapi.

"Ya mteja," nikasema.

Nilikuwa nimeshaiona rangi. Kwenye mguu wake mmoja kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha ya mama yako, ambayo zamani nilikuwa napaka kwenye kila kifaa kikubwa ninachomfungia mtu, ili siku akiniletea kingine akidai ni changu nimkamate. Diodi ile niliifunga mimi, kwa mkono wangu, kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Isansa. Na kwa ajili yake mjomba wako Jailos alifukuzwa kazi kama mwizi.

Nikueleze nilivyofika hapo, maana mtu hazaliwi hivi.

Nilishuka kutoka Ileje nikiwa kijana, nikaja kujifunza ufundi hapa Tunduma, na mpaka huu wa Zambia ukanifundisha maisha kabla sijamaliza kufundishwa redio. Nilivuka Nakonde nikanunua boksi la transista kwa mtu mmoja mchangamfu, aliyenisaidia hata kulibeba mpaka huku. Zilikuwa zimekwanguliwa majina yake na kuandikwa mengine. Mimi sikujua. Nilizifunga kwenye redio za watu wa hapa Mpemba, pembeni ya mji, na ndani ya wiki moja zikaanza kurudi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ananiombea wateja kwa watu wake, alisimama mlangoni na redio yake mkononi, akaniangalia, akasema maneno mawili tu: "Kumbe nawe." Aliiweka chini akaondoka, na hakurudi kuichukua.

Tangu hapo sikufunga kitu bila kukipima. Hilo lilikuwa zuri, na ndilo limetulisha. Lakini sikuishia kwenye vifaa. Mama yako akichelewa kutoka sokoni nilimuuliza amepita njia gani, kisha nikaenda kwa jirani kuuliza kama amemwona. Wewe ukileta ripoti ya shule nilikuwa nasugua alama kwa kidole kuona kama wino unatoka. Mtu akinicheka kwa urafiki nilijiuliza anataka nini. Nilijiona mjanja. Hapa mtaani wengi waliniona mjanja pia, na mtu akisifiwa ugonjwa wake hawezi kutafuta dawa.

Jailos ni kaka mkubwa wa mama yako, unamjua, mtu wa maneno machache, anayeanza sentensi kwa Kinyiha na kuimalizia kwa Kiswahili. Alikuwa mlinzi wa usiku wa ile zahanati. Kamati ya kijiji ilipoamua kuweka umeme wa jua kwa ajili ya taa na friji la chanjo, walitaka kumwita fundi kutoka Mbeya. Jailos akasimama kwenye kikao akasema shemeji yake ni fundi, na ni mwaminifu, yeye anamdhamini. Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi ile. Usilisahau hilo unaposoma yanayofuata, kama mimi nilivyolisahau.

Nilifunga paneli nne, moja ikiwa kuukuu niliyoitoa hapa kwangu. Kati ya paneli na betri kulihitajika diodi, ili umeme uingie kwenye betri mchana na usirudi kukishakuchwa. Nilivuka Nakonde kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya sola, bamayo, yaani mama, tunamwita wote kwa Kibemba chao, nikamwambia nina paneli ngapi. Akanichukulia diodi kubwa. Nikamwonyesha ndogo.

"Hiyo itachemka, fundi," akasema. "Chukua hii, na uifunge kwenye bati la alumini ipoe."

Nikamtazama na kujiambia: anataka kuniuzia ya ghali. Nikachukua ndogo. Nilirudi nikiwa nimefurahi kwamba leo mtu wa Nakonde hakuniweza. Nikaipaka rangi ya kucha, nikaifungia ndani ya kiboksi cha plastiki kisicho na tundu la hewa, juu karibu na bati la paa, kwenye chumba cha betri.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipita salama. Wa pili, friji likaanza kuzima alfajiri. Nesi wa zahanati alikuwa anakuta taa ya friji imekufa na betri haina kitu. Siku moja akalazimika kuitupa chanjo yote, na kina mama waliokuwa wametembea na watoto mgongoni kutoka vilima vya mbali wakaambiwa warudi walikotoka. Mmoja wao alikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, akiamini kwamba akisubiri itapatikana. Nilimwona kwa macho yangu, maana siku hiyo ndiyo niliyoitwa.

Nikapima. Paneli zinatoa umeme vizuri. Nyaya nzima. Betri inapokea. Diodi sikuigusa. Na hata ningetazama tu umeme unavyoingia, nisingeona kitu, kwa sababu diodi iliyokufa namna ile inapitisha vizuri kabisa umeme wa mchana kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri. Ubaya wake ulikuwa baada ya jua kuzama. Na baada ya jua kuzama, aliyekuwa pale ni mtu mmoja tu.

Nilienda kwenye kibanda chake cha ulinzi nikaona chaja ya simu na waya wa kurefusha. Jailos akasema anachajia simu yake na tochi mchana, nesi anajua. Sikumuuliza nesi. Nilijua tayari, au nilidhani najua: jamaa anawachajia watu wa kijiji simu usiku, anatengeneza kitu kidogo. Ni jambo ambalo mimi mwenyewe ningemfikiria mtu yeyote wa Tunduma. Kwa hiyo nikatega. Kwenye mlango wa chumba cha betri nilibandika uzi mwembamba wa gundi, chini kabisa, pasipoonekana. Siku mbili baadaye nikarudi asubuhi na mapema. Uzi umekatika.

Kamati ikakaa kwenye baraza la zahanati, nesi akiwapo, na mama yako alikuwa amenisindikiza siku hiyo kuwasalimia ndugu zake, kwa hiyo alisikia kila neno. Nilieleza kama mtu anayesoma kitabu. Nikasema vifaa vyote ni vizima, nimepima. Nikasema ufunguo anao mtu mmoja tu. Nikawaonyesha uzi. Waliniuliza maswali mawili matatu, nikayajibu, na hakuna aliyeniuliza ni kifaa gani sikukipima.

Jailos aliulizwa kwa nini alifungua mlango. Akasema kile kiboksi cha juu kiliwahi kunuka kama plastiki inayoungua, kabla mambo ya friji hayajaanza, na kwamba alimwambia nesi waliyekuwa naye kabla ya huyu. Tangu hapo anaingia mara kwa mara kukiangalia, asije akaunguza jengo la watu. Sekela, alinionyesha ugonjwa kwa kidole. Mimi nikasikia kisingizio.

Kisha akanigeukia. "Shemeji, sijachukua," akasema. Alisema mara moja tu. Akavua kamba shingoni, ile yenye ufunguo, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akaenda kabla hawajamtamkia kwamba amefukuzwa.

Alasiri ile ile nilifunga kontrola, kifaa cha kisasa cha kusimamia umeme wa betri, ambayo haihitaji diodi ya pembeni. Nikaikata ile diodi ya zamani nikaitia mfukoni, na nilipofika hapa nikaitupa kwenye kopo. Sikuipima. Betri haikufa tena. Watu wakasema fundi alikuwa sahihi, mwizi ameondoka na umeme umerudi. Na mimi kila nilipopita barabara ya kule nilijisemea hivyo hivyo.

Mama yako hakubishana nami. Alibaki Isansa wiki nzima kwa shangazi yako, mke wa Jailos, akarudi, akaendelea na kazi zake. Ila tangu siku hiyo hakuniletea kitu chake chochote nikitengeneze. Redio yake ya jikoni ilipoharibika aliibeba mpaka kwa fundi mwingine kule mjini, akapita nayo hapa mlangoni, mimi nikiwa nimeshika pasi ya kulehemu. Nilimwona. Nikajifanya naangalia kazi.

Jailos alienda Saza kwenye dhahabu. Si kuchimba, umri ulishapita, bali kulisha mawe kwenye mashine ya kusaga. Wewe ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa unaniuliza kwa nini mjomba haji tena na ndizi zake, nikakwambia ameenda kutafuta maisha. Uongo huo ndio wa kwanza. Ule wa diodi ni wa pili.

Baada ya diodi kulia mikononi mwako, nadhani utafikiri nilikimbia kumtafuta. Hapana. Kwanza nilianza kukushuku wewe. Nilijiuliza kwa nini umechagua hiyo, kati ya vifaa vyote vilivyomo koponi. Nilijiuliza kama mama yako amekutuma. Nilikuwa nakuangalia mezani, nikitafuta usoni mwako dalili kwamba unajua, nawe hukujua kitu. Kisha nikaishuku mita. Niliazima mita ya fundi mwenzangu, nikajifungia humu, nikapima: pande zote mbili. Nikanunua diodi mpya ya ukubwa ule ule, nikaipima: upande mmoja tu, kama inavyotakiwa. Hapo nikabaki sina pa kukimbilia.

Bado nilikuwa na shaka moja, nikakuuliza jioni kana kwamba nauliza tu: betri inawezaje kumaliza umeme kupitia paneli, wakati paneli ni ya kutoa umeme? Wewe, bila kujua unanihukumu, ukanieleza huku unamenya viazi. Kwamba kila seli ya paneli nayo ni silikoni iliyochafuliwa pande mbili, fosforasi huku na boroni kule. Ni diodi pana iliyolala juani. Gizani haizalishi kitu, na betri inaweza kusukuma umeme kurudi ndani yake, hasa kama paneli ni kuukuu na baadhi ya seli zake zimeharibika. Ukaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikasema mteja ameniuliza. Wa tatu huo.

Zilipita wiki mbili. Nikamwambia mama yako naenda kutafuta vifaa, nikaenda Saza.

Nilimkuta amekaa kivulini pembeni ya mashine, nguo na nyusi zimekuwa rangi moja kwa vumbi. Alikuwa anakohoa, kikohozi kinachoanzia chini kabisa. Hakuinuka. Nilimsalimia, akaitikia. Nikatoa diodi nikaiweka kwenye kiganja, nikaanza kumweleza. Nilimweleza fosforasi, nikamweleza boroni, nikamweleza mpaka unavyoharibika kwa joto. Maneno yako yote ya siku ile ya mvua nilimwagia mzee wa watu aliyekuwa anataka kupumzika dakika tano. Aliniacha nikamaliza.

"Kwa hiyo hiki kidude ndicho kimekwambia."

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi nilikwambia kwa mdomo wangu. Hukuamini. Kidude kimelia mara mbili, umepanda gari umekuja mpaka huku."

Nikamwomba msamaha. Alikunywa maji, akafunga kopo lake, akasema hakusemwa vibaya Saza, alisemwa kule kwao. "Kaseme kule," akasema, akarudi kwenye mashine.

Ningependa kukwambia kwamba kesho yake nilikuwa Isansa. Sikuwa. Nilikaa karibu mwezi bila kwenda. Nilianza kumshuku tena, wakati huu kwamba anataka kunidhalilisha mbele ya watu, kwamba amepanga kurudi na kunicheka. Mtu mwenye kikohozi kile, mimi nikamwona ana mipango. Ndipo nilipojiogopa kwa mara ya kwanza, mama. Nilikuwa na ushahidi mkononi kwamba nimekosea, na ubongo wangu ulikuwa tayari umeshamtafutia kosa jipya.

Nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza hakuinua kichwa.

"Nilijua hakuchukua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ni kaka yangu." Akatupa punje mbovu pembeni. "Nilikuwa nasubiri nione kama wewe utakuja kujua."

Tulienda wote. Mwenyekiti alikuwa mwingine, nesi alishahamishwa, na kati ya waliokaa kwenye kikao kile walibaki wanne. Nilisimama kwenye baraza lile lile nikasema: vifaa vilikuwa vibovu, kilichoharibika nilikichagua mimi, nilishauriwa kuchukua kikubwa nikakataa, sikukipima, na Jailos hakuchukua umeme wa mtu. Nilitarajia wanifokee. Hawakunifokea. Bibi mmoja wa kamati, aliyekuwapo tangu mwanzo, akasema jambo ambalo nimelibeba kuliko yote.

"Sisi wewe hatukukujua. Tulikuamini kwa sababu yeye alikusemea."

Waliandika kwenye kitabu cha kamati kwamba Jailos ni mtu safi, na wakamtumia ujumbe arudi kwenye lindo. Alikataa. Alisema aliyepo ana watoto wadogo, hawezi kumwondoa. Lakini aliondoka Saza, akarudi kwake kwenye kahawa, na kikohozi kimepungua ingawa hakijaisha. Ile siku alipokuja hapa nyumbani ukamrukia kwa furaha, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu kikao kile. Uliniuliza baadaye kwa nini alikunywa maji tu, akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Siku atakayokula kwangu ataichagua mwenyewe, na sina haki ya kumharakisha.

Sasa unaenda kusoma mambo haya kwa undani kuliko nilivyowahi kuota. Sikwambii uache kushuku. Utakutana na watu wa kila aina huko, na wengine watakuwa wamekwanguliwa majina na kuandikwa mengine. Mwalimu akikwambia jambo lisiloingia akilini, usilimeze, kalipime. Nilichokosea mimi ni mahali pa kuanzia. Nilipima kila kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine, na kile kimoja nilichokichagua mwenyewe, kwa ujanja wangu mwenyewe, nilikiacha. Sasa hivi nikiwa na uhakika kabisa na jambo, kabla sijamtazama mtu najiuliza ni kitu gani changu sijakigusa. Mara nyingi kipo. Na mara nyingine bado nachelewa kujiuliza.

Hata barua hii naishuku. Najiuliza kama naiandika ili ujue ukweli, au ili unione mwema kwa kuusema. Mpe mjomba wako nafasi akueleze kwa maneno yake. Nimemwambia unaweza kumpigia. Usichukue habari yake kutoka kwangu peke yangu.

Kuna jambo jingine, nalo ni la wiki hii. Karibu na geti la chuo chako kuna mtu wa kwetu Ileje mwenye duka la kutoa fotokopi. Nilimpigia mapema wiki hii, nikamtumia picha yako. Tulikubaliana awe anakuangalia: unatembea na nani, unarudi saa ngapi, na kila Jumapili aniambie. Usingemjua. Ungenunua kalamu kwake ukamwita kaka, naye angenipigia.

Leo mchana, kabla sijashika karatasi, nimempigia nikamwambia aache. Akaniuliza kama tumegombana, nikasema hatujagombana. Akasema, sasa utajuaje binti yako anaishije huku? Nikamwambia atanieleza mwenyewe, na asiponieleza, sitajua. Alicheka, akasema nimezeeka. Nimeifuta picha yako kwenye mazungumzo yetu, nimeifuta na namba yake. Ningependa kukwambia kwamba hiyo inatosha, mama. Lakini namba naijua kwa kichwa, na nimeona heri wewe ulijue hilo kuliko nilijue mimi peke yangu.

Baba yako